Kibao cha Picha Sita

Vidoti vyekundu ndivyo vilivyomwinua Mzee Shigeto kitini. Alikuwa ameketi vizuri, kofia mapajani, kandambili za kituo cha afya miguuni, akitazama skrini pamoja na binti yake Chizuru na yule daktari kijana aliyetoka chuo kikuu. Upande mmoja wa skrini mwanamke alikuwa akitabasamu na kubembeleza kama anayesema na mtoto. Upande wa pili gurudumu la rangi lilikuwa likizunguka tu, halina habari na mtu. Vidoti vilionyesha mahali macho ya Kanta, mjukuu wake, yalipokuwa yakitua siku alipoonyeshwa picha hizo. Vilijaa kwenye gurudumu kama upele. Usoni kwa mwanamke hapakuwa na hata kimoja.

"Mashine yako imeharibika," akasema Shigeto.

Daktari Hanyu hakukasirika. "Hata mimi nilidhani hivyo, mzee. Ndiyo maana tulimrudia."

"Na mara ya pili?" Chizuru akauliza. Alikuwa amempakata Kanta, na hakuinua uso.

Daktari akabonyeza. Mwanamke akatabasamu tena, gurudumu likazunguka tena, na vidoti vikaenda vyote kulekule.

Shigeto akamtazama Kanta. Mtoto mzuri, mashavu mekundu, ameshika kibanio cha nguo na kukigeuzageuza karibu na pua. Mtoto gani huyu wanayemsema? Si ndiye aliyefaulu kuliko wote kwenye kipimo cha mwaka mmoja na nusu, humu humu kituoni? Bi Orita, muuguzi aliyewapima nusu ya watoto wa mji wa Isozu, alimwekea kadi ya picha mezani, akamuuliza mbwa, akamuuliza gari, akamuuliza kiatu, na Kanta akaonyesha kidole bila kusita. Watoto wengine siku hiyo walilia, wengine waliitafuna kadi.

"Muulizeni Bi Orita," akasema. "Si huyu hapa?"

Bi Orita alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Ni kweli alionyesha," akasema polepole. "Upesi sana."

"Hilo ndilo linalotutatiza," akasema daktari. "Katika utafiti huu tunatafuta dalili mapema, mzee, kabla mtoto hajafika umri wa kusema. Sisemi Kanta ana usonji, na sisemi hana. Nasema macho yake yanatuambia hivi, na kidole chake kinatuambia vile. Mwezi wa nne tunaanza kikundi cha watoto wadogo, na nafasi ni chache. Wanaoingia ni wale ambao vipimo vyote viwili vimekubaliana. Wengine tutawatazama tena baada ya mwaka."

"Mwaka mzima," akasema Chizuru.

"Kadi inasema yuko sawa, dada. Mikono yangu imefungwa."

"Basi hapo umesema," Shigeto akadakia. "Kadi ndiyo inayosema kweli. Nisubirini. Nyumbani si mbali, naenda kuwaletea ushahidi."

"Baba, acha," akasema Chizuru.

Lakini Shigeto alikwisha fika barazani, anavua kandambili na kuvaa viatu vyake. Alipoinama, juu ya kichwa chake palikuwa na ubao wenye jina la kituo, herufi za buluu juu ya nyeupe. Aliziandika yeye kwa mkono wake.

Hiyo ndiyo kazi iliyomzeesha. Alipoacha shule alipelekwa mji wa Uwajima kwa fundi mmoja wa mabango, mtu mkali, ambaye alikuwa akikupa bango la zamani na kukuambia ulitoe jingine kama lile. Ukimaliza anavuta uzi juu ya yote mawili. Herufi ikipotoka hata upana wa unywele, unalifuta lote unaanza upya. Kunakili si kukaribia, alikuwa akiambiwa, kunakili ni kufika. Shigeto alijifunza kufika. Aliporudi Isozu alichora bango la bafu la mji wanamooga watu wote jioni, la duka la mchele, la kinyozi, la machungwa pale njia panda, na kwa miaka mingi ukitembea mji ule ulikuwa unatembea ndani ya mwandiko wake. Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayotoka kwenye mashine mjini Matsuyama, na brashi zake zikakauka kwenye kopo. Mkewe Fumiko akafariki. Shigeto alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akichora, na mluzi nao ukakoma.

Chizuru alirudi kwa baba yake kuja kujifungua. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, hulala nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili, hivyo ikaonekana bora akae palepale. Kanta akazaliwa, akatembea mapema, akawa na afya. Ila akiitwa hageuki. Na alikuwa na mtindo wa kupanga vibanio vya nguo kwenye mkeka, mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kabatini, na ukisogeza kimoja analia mpaka anatapika.

"Hata wewe ulichelewa kusema," Shigeto alikuwa akimwambia Chizuru. "Mama yako alidhani u bubu. Sasa nani anaweza kukunyamazisha?"

Chizuru alikuwa akicheka kidogo, halafu hacheki tena.

Aliyeleta habari ya kadi ni jirani yao Sumie, mwenye duka la kinyozi. Mjukuu wake alinaswa. Ndivyo watu wa Isozu wanavyosema, kunaswa, kama samaki. Mtoto akishindwa kuonyesha picha, muuguzi huanza kuja nyumbani, naye huja na kigari cheupe cha kituo chenye jina ubavuni. Kigari kile kikisimama mlangoni kwako robo saa, jioni watu wa bafuni wanakuuliza mtoto ana nini. Kwa Sumie kilisimama majira mawili ya baridi.

"Usiwaachie mtoto aende kichwa kitupu," Sumie alimwambia Shigeto akimnyoa shingo. "Wangu alitambaa chini ya meza, mimi nikabaki nakodolea ile kadi mpaka nikaijua kama uso wangu. Juu kuna mbwa, gari, kiatu. Chini kikombe, samaki, ua. Mbwa anatazama huku. Mkono wa kikombe uko kule."

"Mkono wa kikombe uko kulia au kushoto?"

"Wewe mzee nawe. Kulia."

"Na mkia wa samaki?"

"Nikukate sikio? Kaa kimya nikunyoe."

Alipotoka kwa kinyozi alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda chake, akafungua makopo yaliyobaki na rangi, akakata ubao mwembamba kwa kipimo alichoonyeshwa na Sumie kwa viganja. Alichora siku nzima. Sumie alipokuja kutazama alishika mdomo. "Umewaibia," akasema. "Hii ndiyo yenyewe."

Kuanzia hapo, kila asubuhi baada ya wali na supu, Shigeto alikiweka kibao mezani, akamketisha Kanta, akashika kidole chake. "Mbwa yuko wapi? Huyu hapa. Gari liko wapi? Hili hapa." Alikwenda kwa mpangilio uleule, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa juu kisha wa chini, jinsi fundi anavyojaza ubao. Wakifika kwenye ua, Kanta anapewa kibiskuti kimoja cha mviringo, kidogo kama ukucha, kile kinachoyeyuka mdomoni.

Ilipita muda mrefu, kidole cha mtoto kikiwa laini kama tambi mkononi mwake. Kisha asubuhi moja Shigeto akasema, "Mbwa yuko wapi," na kabla hajamshika, kidole kikatoka chenyewe na kumgusa mbwa. Kikagusa gari. Kikaenda mpaka kwenye ua, na kiganja kikafunguka.

Siku hiyo alipiga mluzi tangu asubuhi. Jioni aliwaambia wote bafuni.

"Mbwa, gari, kiatu, kikombe, samaki, ua. Vyote. Na bado hajafikisha mwaka na nusu."

"Wewe je, mzee, unaweza?" mwuza mchele akamuuliza kutoka kwenye maji. "Juzi ulimwamkia mke wangu ukidhani ni mimi."

"Mkeo ana masharubu, kosa langu ni lipi?"

Wakacheka mpaka mwenye bafu akagonga ukuta.

Hayo yote yalikuwa kifuani mwake alipokuwa akirudi kituoni, kibao kwapani kimefungwa kwa kitambaa, na pakiti ya vibiskuti mfukoni. Alikuwa na hasira, lakini hasira ya mtu anayejua atashinda.

Akakiweka kibao mezani mbele ya daktari, akakifunua.

Bi Orita aliweka birika chini. Akakitazama kibao. Akafungua kabati, akatoa kadi ya kituo, akailaza kando yake. Mbwa na mbwa, kikombe na kikombe. Daktari alikuwa anageuza macho huku na huku kama anayetazama mpira.

"Mzee Shigeto," Bi Orita akasema, "hiki umekipata wapi?"

"Nimekichora."

"Kutoka wapi?"

"Mtu aliniambia. Kuna kosa gani? Watoto hawafundishwi majumbani?" Akamchukua Kanta kutoka kwa Chizuru, akamweka kwenye kiti. "Tazameni ninyi wenye mashine. Kanta, mbwa yuko wapi?"

Kidole kikamgusa mbwa.

"Gari liko wapi?"

Gari. Kiatu. Kikombe. Samaki. Ua. Kisha kiganja kikafunguka, na Shigeto akaweka kibiskuti juu yake. Akamtazama daktari kama mtu aliyelaza karata ya mwisho mezani.

"Safi sana," akasema Bi Orita, na sauti yake haikuwa na furaha. "Mama Kanta, unaniruhusu?"

Chizuru akaitikia kwa kichwa.

Bi Orita akakiondoa kibao, akaweka kadi nyingine, ile mpya ya utafiti. Picha zilikuwa zilezile, ila zimehamishwa. Pale alipokuwa mbwa sasa palikuwa na samaki, na mbwa alikuwa chini mwishoni, anapokaa ua.

"Kanta, mbwa yuko wapi?"

Kidole kikamgusa samaki.

"Gari liko wapi?"

Kikasogea mara moja kulia, kikagusa kikombe.

"Amechoka," akasema Shigeto. "Mnamchosha mtoto."

Bi Orita alichukua kile kibao cha Shigeto, akakigeuza na kukilaza kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa mweupe, ubao mtupu uliopigwa msasa, kwa sababu Shigeto haachi ubao bila kuupiga msasa hata upande usioonekana. Bi Orita hakuuliza mbwa, hakuuliza kitu chochote. Alirudisha mikono yake mapajani.

Kanta akautazama weupe ule. Kidole kikatoka. Kikabonyeza juu kushoto. Kikabonyeza katikati. Kikabonyeza kulia. Kikashuka, kikabonyeza kushoto, katikati, kulia. Kisha mtoto akafungua kiganja, akangoja.

Nje mtu alikuwa anaegesha baiskeli.

Shigeto aliona mkono wake mwenyewe uko mfukoni, umeshika pakiti, na hautoki. Aliuamuru utoke, haukutoka. Kiganja kidogo kilibaki wazi mezani. Kilipoona hakuna kinachokuja, kikajikunja, kidole kikarudi juu kushoto, na Kanta akaanza upya. Kushoto, katikati, kulia.

"Basi," akasema Chizuru. "Basi, mwanangu." Akamnyanyua.

Shigeto alikuwa ameona watu wakifa, alimwona Fumiko akifa, lakini hakuwahi kuona jambo kama lile. Asubuhi zote zile alidhani wako wawili mezani, yeye na mjukuu wake, wanamtazama mbwa mmoja. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimtazama mbwa peke yake.

Bi Orita aliwafuata mpaka barazani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kile kipimo cha kwanza sasa hakina maana, lakini daktari hawezi kukifuta hivi hivi; lazima yeye muuguzi amwone Kanta nyumbani, anavyocheza, anavyokula, kwa siku kadhaa, ndipo aandike upya kabla ya mwezi wa nne. "Nitakuja na gari la kituo," akasema. "Kama mnapenda, naliegesha nyuma, kule kwenye ghala la mchele. Wengi huniomba hivyo."

Shigeto aliinamisha kichwa.

Walirudi, Chizuru amembeba Kanta mgongoni. Nyumbani Kanta alikwenda moja kwa moja kwenye vibanio vyake. Chizuru akachemsha maji, akamwekea baba yake chai, akaketi upande wa pili wa meza.

"Nilijua," akasema.

Shigeto akainua macho.

"Wewe ulikuwa bafuni. Nilibandika karatasi juu ya mbwa. Akabonyeza karatasi. Nikabandika na juu ya gari, akabonyeza tu."

"Lini?"

"Wiki ileile alipoanza. Kabla ya kipimo."

Chai ilimwagika. Hakujua ni mkono gani ulioimwaga. Kule kituoni alidhani amefika mwisho wa kushtuka, kumbe ulikuwa mlango tu. Mtoto hakujua, sawa, mtoto ni mtoto. Lakini huyu, damu yake, aliketi naye meza moja, akampakulia wali kila asubuhi, akamtazama akijidanganya.

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa unapiga mluzi, Baba." Chizuru alikuwa anafuta chai kwa kitambaa, anafuta hata pale palipokauka. "Tangu Mama aondoke sikuwahi kuusikia. Halafu umewaambia watu wote bafuni, Sumie ananisimamisha njiani ananipongeza. Ningeanzia wapi? Na mimi nilitaka iwe kweli. Nilikuwa najiambia, labda karatasi imemchanganya."

"Ungemwambia hata Bi Orita."

"Siku ya kipimo nilikaa pale nimempakata, naomba kimoyomoyo Bi Orita aanze na ua. Akianza na ua, Kanta atabonyeza juu kushoto, kwa mbwa, naye ataona. Nisiseme mimi, aone mwenyewe." Akakunja kitambaa. "Akaanza na mbwa."

Maneno Shigeto aliyomwambia binti yake miezi yote ile yakamrudia moja moja. Hata wewe ulichelewa. Usiwape watu cha kusema. Mtoto ana akili kuliko wewe. Alikuwa ameyasema huku akicheka.

"Aje," akasema mwishowe. "Bi Orita. Aje."

"Nimwambie aegeshe nyuma?"

Kigari cheupe kilikuja asubuhi, jua limeshawaka kwenye vilima vya machungwa. Bi Orita alipunguza mwendo kwenye kona, akawasha taa ya kushoto, ishara ya kwenda upande wa ghala. Shigeto alikuwa amesimama barabarani na koti lake la kazi, lile lenye madoa ya rangi. Akanyoosha mkono, akamsimamisha. Kisha akarudi kinyumenyume, akimwita kwa viganja vyote viwili, njoo, njoo, kata kidogo, njoo, mpaka gari likasimama mbele ya mlango wake kabisa, jina la kituo likitazama mtaa.

Mlango wa kinyozi ukafunguka. Sumie alitoka na kitana mkononi, nyuma yake mteja ana povu nusu uso.

"Mzee, kwako kuna nini?"

"Wamekuja kumwona Kanta."

"Kanta? Si ndiye bingwa wa mbwa?"

"Mbwa hamjui. Anajua pembe za ubao." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilimfundisha mimi."

Sumie alishusha kitana. Akasema, "Mwambie Bi Orita aje anywe chai kwangu akimaliza. Ananijua." Akarudi ndani.

Bi Orita alikuja tena, na tena. Hakuleta kadi. Alikuwa analala ubavu kwenye mkeka, shavu chini, usawa wa vibanio, anangoja. Theluji nyembamba iliponyesha na kuyeyuka kwenye michungwa, daktari alituma neno kwamba Kanta ataanza na kikundi cha mwezi wa nne. Chizuru aliusoma ujumbe kwenye simu amesimama jikoni, kisha akachuchumaa, akakaa hivyo mpaka supu ikaungua.

Kibao Shigeto alikiondoa mezani, lakini Kanta hakukisahau. Kila baada ya wali alikuwa akigeukia ukuta, akibonyeza mahali sita, kisha anafungua kiganja. Bi Orita alimwambia Shigeto asitoe kibiskuti kwa ajili ya hilo. Alimwambia akishike juu, karibu na jicho lake mwenyewe, anyamaze, angoje.

"Mpaka lini?"

"Mpaka akutazame, mzee. Hata kidogo."

Basi akaketi. Kanta akabonyeza ukuta, kushoto, katikati, kulia, akafungua kiganja. Hakikuja kitu. Akaanza upya, akafungua tena. Shigeto alishika kibiskuti kwenye kope lake, kwa mkono uleule uliokuwa ukivuta mstari bila uzi. Mtoto akageuka kutafuta kibiskuti kilipo. Macho yake yakapanda kwenye mkono, yakapanda kwenye vidole, yakafika kwenye kibiskuti, yakasimama hapo.

Kutoka pale hadi kwenye jicho la babu yake ilikuwa nafasi ndogo kuliko upana wa brashi. Shigeto hakupepesa. Akaendelea kungoja.